Stelingi Hafi, Ila Hapa Amekufa: Malalamiko Tisa ya Kibandani Kuhusu Underworld

Kabla hujaanza kusoma, tafuta mtu wa kubishana naye. Orodha hii haisomwi peke yako.

Mada ni Underworld, zile sinema za wanyonya damu na watu-mbwamwitu wanaouana mjini usiku. Ziko tano: 2003, 2006, 2009, 2012 na 2016. Kuhusu ya kwanza hatuna ugomvi; hata mama mwenye kuchoma mihogo nje ya kibanda cha video anajua kwamba Selene anavaa nyeusi na anashika bastola mbili. Vita inaanzia kwenye miendelezo, na hasa ile ya tatu, Rise of the Lycans. Hapo ndipo mwambao wetu mzima wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji, ukapita Kibirizi, ukapanda boti kuivuka Gombe mpaka Mwamgongo, unagawanyika kama uchaguzi wa serikali ya mtaa.

Malalamiko ya watazamaji nimeyapanga kuanzia jepesi kabisa, namba tisa, hadi zito kuliko yote, namba moja. Kipimo changu ni kimoja: je, mlalamikaji ameitazama sinema kwa makini kuliko walioitengeneza? Akiwazidi, anapanda juu. Akiwa amelala nusu saa ya kwanza kisha akaamka na maswali, anakaa chini.

Na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Sehemu ya tatu ndiyo bora kuliko miendelezo yote. Unabisha? Vizuri, twende.

9. "Mbona Selene hayupo?"

Wapo waliotoka kibandani katikati ya sinema kwa sababu hii, na wengine wakadai kiingilio kirudishwe. Walitaka Kate Beckinsale, wakapewa Rhona Mitra akicheza Sonja, binti wa Viktor, mkubwa wa wanyonya damu, katika hadithi iliyotokea karne nyingi kabla ya zile bastola mbili.

Sasa sikiliza. Ile sinema ya kwanza ilishatueleza kwamba Viktor aliiua familia ya Selene, ila Selene mwenyewe alimwacha hai kwa sababu alimkumbusha binti yake. Binti huyo ndiye Sonja. Kwa hiyo sehemu ya tatu inakuonyesha kwa nini Selene alipata nafasi ya kuishi. Anayemtaka Selene humo anataka mjukuu awe mpambe kwenye harusi ya bibi yake.

Hukumu: alama mbili kwa kumi, na moja kati ya hizo ni ya uaminifu kwa Kate.

8. "Hawa si walikufa?"

Swali halali, limeulizwa kwa sauti kubwa mno. Viktor alipasuliwa kichwa kwa upanga mwaka 2003. Lucian, kiongozi wa watu-mbwamwitu, akafa humo humo. Raze, msaidizi wake, naye hakutoka salama. Kisha inakuja sehemu ya tatu, wote watatu wanatembea, wanakunja uso, wanatoa amri. Kibanda kinapiga kelele kama refa amekataa bao.

Hapa ndipo unapoona thamani ya mtafsiri. Lufufu alikizoesha kizazi kizima cha Watanzania kuzisikia sinema za nje zikizungumza Kiswahili. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Mtafsiri mzuri hasubiri uulize. Sekunde ya kwanza tu anakurushia kwamba ndugu mtazamaji, haya ni ya zamani, bado hawajafa. Mtafsiri mvivu anakuacha uamini kwamba Viktor amefufuka, na usiku huo hulali.

Ila jambo hili lina ubishi wa ndani ambao naupenda. CD na flashi hazifiki kijijini kwa namba. Inafika iliyofika. Wapo waliotazama ya tatu kwanza, na kwao hadithi ilikwenda sawa kabisa: mtumwa akampenda binti wa bwana, bwana akamuua binti, vita ikaanza. Wanasema wao ndio walioipata kwa mpangilio sahihi. Nawakatalia. Ukianza na ya tatu, siri kubwa ya sinema ya kwanza inakufa mikononi mwako, na Viktor unamchukia mapema mno. Raha ya ile ya kwanza ni kwamba kwa muda mrefu Selene anamheshimu kama baba, na wewe unamheshimu pamoja naye.

Hukumu: alama nne. Kama ulianza na ya tatu, pole, na usimwambie mwenzako chochote.

7. "Mwisho tunaujua"

Ndiyo, tunaujua. Tangu 2003 tumeshaambiwa kwamba Sonja alihukumiwa kifo cha jua na baba yake mzazi kwa sababu alibeba mimba ya Lucian. Walalamikaji wanasema: basi tunatazama nini?

Mnatazama Lucian akiwa amefungwa minyororo, analazimishwa kuona. Mnamtazama Bill Nighy, aliyecheza Viktor, akihukumu kama mfalme na huku uso unamsaliti kama baba. Michael Sheen, aliyecheza Lucian, hana mistari mirefu pale. Anatumia macho tu, na nimewaona wanaume wazima wa mwambao huu, watu wanaolala ziwani kwenye mawimbi, wakijifanya moshi wa jenereta umewaingia machoni.

Kila aliyetazama Titanic alijua meli inazama. Kuna aliyetoka?

Hukumu: alama tatu, kwa sababu lalamiko hili hutolewa na watu waliolia.

6. "Yule mwenye sauti nzito apewe sinema yake"

Raze. Sauti yake inatetemesha spika mpaka mwenye kibanda anaangalia nyaya. Wengi hawajui kwamba mwigizaji wake, Kevin Grevioux, ni mmoja wa waliobuni hadithi nzima ya Underworld, na kwamba alisomea maikrobiolojia. Kwa hiyo yale maneno ya virusi na damu na ukoo wa Corvinus yametoka kwa mtu aliyekaa darasani akajifunza mambo ya vijidudu.

Tatizo ni kwamba mtafsiri anaongea juu yake. Sauti nzito kuliko zote kwenye mfululizo, na sisi tunamsikia jamaa wa Dar akisema "oya, tulia hapo."

Hukumu: alama saba. Mtafsiri, Raze akiongea, nyamaza. Tutaelewa.

5. "Bora Jacob wa Twilight"

Nani kasema hivyo? Simama tukuone.

Sawa, tumsikilize. Hoja yake ni kwamba Jacob ana familia, ana utani, ana kabila lake, na akigeuka anakuwa mbwamwitu mzuri mwenye manyoya ya kuchana. Laikani, yaani watu-mbwamwitu wa Underworld, wana mapango na hasira. Hadi hapo nakubali.

Lakini tukumbushane jinsi mfululizo wa Twilight ulivyoishia. Kitabu cha nne, Breaking Dawn, kilitoka Agosti 2008, na wasomaji wengi huko Marekani walikasirika. Jacob, aliyempigania Bella kwa muda mrefu, anafungwa moyo na mtoto mchanga wa Bella. Mtoto mchanga! Kisha majeshi yanakusanyika kwenye theluji kwa vita kubwa, watu wanaongea, wanaagana, wanaondoka. Walipotengeneza sinema yake ya mwisho mwaka 2012 waliona aibu, wakaingiza pigano kali, halafu wakasema lilikuwa maono tu. Kibanda kilichoshangilia vichwa vikidondoka kikaambiwa hakikuona kitu.

Hukumu: alama tatu za Jacob, sifuri ya mchumba wake.

*Mapumziko mafupi kwa yule wa kona ya nyuma anayesema Afrika hatuna mbwamwitu kwa hiyo hadithi hizi hazituhusu.* Kaka, mwaka 2015 wanasayansi walichunguza vinasaba vya yule mnyama tuliyekuwa tukimwita mbweha wa dhahabu, wakakuta ni mbwamwitu kabisa, mbwamwitu wa dhahabu wa Afrika, na yupo mpaka Serengeti. Na kuhusu watu kugeuka wanyama, muulize mzee yeyote wa Singida kuhusu watu-simba wa miaka ya 1940, mauaji yaliyoitikisa serikali ya kikoloni. Ng'ambo ya ziwa letu, mashariki mwa Kongo, kulikuwa na Anyoto, watu-chui. Zinatuhusu sana. Endelea kukaa, ila songa mbele kidogo, unamziba mtoto.

4. "Sehemu ya pili ni ya kwanza iliyokatwa katikati"

Hili si la Underworld. Ni kidonda cha nyumbani, na limeingia kwenye orodha kwa nguvu ya watazamaji wenyewe, kwa sababu kila tukijadili mwendelezo wa Hollywood lazima mtu alitaje.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Sinema ya Bongo ilikuwa inauzwa kwa CD mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na ya kwanza inakatika mhusika akiwa ameshika kitasa cha mlango. Ulinunua ya pili ili ujue nani yuko nyuma ya mlango. Unakuta ni shangazi, amekuja kusalimia. Dakika kumi za salamu.

Na bado nazitetea. Mussa Banzi alitutengenezea Nsyuka na Shumileta katika miaka ile ya 2000, mazimwi yetu yenye sura zetu, yanaongea Kiswahili bila kutafsiriwa, yanatisha kwenye nyumba za mabati na chumba cha kupanga tulichokijua. Bajeti yake ilikuwa ndogo hata mbele ya gharama za nguo za Selene. Watazamaji waliogopa kweli, na waliogopa kwa sababu mashetani yale yangeweza kuwa jirani. Underworld sehemu ya nne ilikuwa na 3D na Laikani mkubwa kuliko wote, na sikuona mtu hata mmoja akiogopa kwenda msalani.

Hukumu: alama saba kwa lalamiko, tisa kwa Shumileta. Anayetaka kubishana kuhusu Shumileta aje na jina lake kamili.

3. "Mtoto yuko wapi?"

Lalamiko la akina mama, na ni la haki tupu.

Mwaka 2012, katika Awakening, Selene anazinduka baada ya kugandishwa miaka 12 na kugundua ana binti, Eve. Sinema nzima anamwokoa. Anaua kila aliyesimama njiani. Michael, baba wa mtoto, hayupo. Scott Speedman hakurudi, wakamtumia mtu anayefanana naye, akaonyeshwa kidogo kidogo tukidhani hatutajua. Tulijua. Mwambao huu watu wanatambua boti ya mtu kwa mlio wa injini ikiwa bado mbali gizani. Mtamficha nani sura?

Lakini tulisamehe kwa sababu ya mtoto. Kisha ikaja Blood Wars, 2016. Binti amefichwa, hata mama yake hajui alipo, na sinema inaendelea na siasa za makasri. Anakwenda barafuni kaskazini, anarudi na nywele zenye ncha nyeupe, anapewa kiti cha mzee wa ukoo. Mtoto tunaonyeshwa mwishoni kabisa, kama risiti.

Akina mama wa kibandani waliuliza swali moja tangu dakika ya tano mpaka ya tisini, na hakuna mtafsiri aliyeweza kuwatuliza. Mama aliyevunja maabara nzima kumtoa mwanawe hawezi kukaa sinema nzima bila kumtafuta. Waandishi walisahau walichokiandika wenyewe. Akina mama hawakusahau.

Hukumu: alama tisa. Angalau wangempa mtoto dirisha la kuchungulia.

2. "Koo zao hazifiki Gombe"

Mwamgongo iko ukutani mwa Hifadhi ya Gombe, upande wa kaskazini. Kundi la sokwe mtu la Mitumba ndilo jirani. Kwa hiyo unapomletea mtu wa huku hadithi ya makundi, viongozi na vita ya mipaka, ujue anayo ya kulinganisha nayo, na ya kwake imetokea.

Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960. Mwaka 1964 sokwe dume mmoja, Mike, akaupata ukubwa wa kundi si kwa misuli, bali kwa kubamiza madebe matupu ya mafuta ya taa aliyoyatoa kambini mpaka wakubwa wakamkimbia. Hebu nitajie Laikani mwenye akili hiyo. Kisha kundi likagawanyika, Kasakela kaskazini na Kahama kusini, na kuanzia Januari 1974 hadi 1978 Kasakela wakawamaliza madume wote wa Kahama, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamekula pamoja. Walikuwa wamechanana manyoya. Hiyo ni sehemu ya pili inayozidi sehemu za pili zote nilizotazama.

Na ukoo wenyewe! Flo, bibi maarufu, akafa 1972, na gazeti la Sunday Times la London likamwandikia taazia. Binti yake Fifi akawazaa Freud na Frodo. Freud akawa mkubwa wa kundi. Alipougua mwaka 1997, mdogo wake Frodo akampindua. Kaka kwa kaka, mama yuko pale pale anaona. Kila zamu ya uongozi ina sababu yake, na ina deni lake.

Sasa rudi Underworld. Lucian anakufa, halafu mwaka 2012 Laikani wanaongozwa na daktari wa maabara, mwaka 2016 na mtu anayeitwa Marius. Nani aliwachagua? Walimshinda nani? Waliyabamiza madebe gani? Hatuambiwi. Ndiyo maana ya tatu inasimama juu ya zote: humo tunamwona Lucian akiupata uongozi kwa jasho. Ni mtumwa, anachapwa, anatoroka, anarudi kuwatoa wenzake, na wale mbwamwitu wa porini wasiosikia la mtu wanamsikia yeye. Hapo mtu wa Mwamgongo anatikisa kichwa: huyu ni mkubwa kweli.

Hukumu: alama tisa na nusu. Nusu nimeizuia kwa sababu Frodo hakuwahi kumpenda binti wa adui yake.

1. "Mbona hawaogopi tena mwezi?"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na limetolewa na wavuvi, watu wenye haki ya kulitoa.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa gizani. Unawasha taa juu ya maji, zamani karabai na sasa hizi za betri na sola, dagaa wanapanda kufuata mwanga, unawainua na wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa yako haina kazi, kwa maana mwanga uko ziwa zima na dagaa hawana sababu ya kukusanyika chini yako. Kwa hiyo usiku wa mbalamwezi mitumbwi inalala ufukweni, nyavu zinatengenezwa, na kibanda kinajaa. Ukiacha ile miezi mitatu ya 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, serikali ilipolifunga ziwa ili samaki wazaliane, kazi ya mvuvi wa dagaa imekuwa ikipangwa na mwezi.

Watu hawa ndio wanaoingia kutazama watu-mbwamwitu, mwezi mzima ukiwa juu ya paa la bati. Wanaambiwa Laikani wa siku hizi wanageuka wanapotaka. Mchana, asubuhi, wakiwa na hasira, wakiwa na haraka. Ile sinema ya kwanza ilishasema kwamba wakongwe wao hawauhitaji mwezi, na kadiri miendelezo ilivyokuja ndivyo mwezi ulivyobaki pambo. Jacob wa Twilight naye vivyo hivyo.

Mvuvi anauliza: sasa kinachowabana ni nini? Na hilo ndilo swali ambalo wahakiki wangepaswa kuanza nalo. Zimwi linatisha kwa sababu lina sharti. Lina usiku wake, lina mpaka wake, lina kitu kinacholigharimu. Ukiliondolea sharti, unabaki na mtu mwenye misuli na manyoya. Sehemu ya nne na ya tano ziliongeza ukubwa wa Laikani, zikaongeza kasi, zikaongeza maabara, na hofu ikapungua kila walipoongeza.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyojibu. Lucian anaweza kugeuka atakapo, lakini shingoni ana kola ya chuma yenye miiba iliyoelekea ndani. Akijaribu kugeuka, inamchoma. Mwezi umeondolewa, ikawekwa kola, na sinema nzima inaning'inia kwenye swali la nani ana ufunguo. Anapoivua ili kumwokoa Sonja, anajua adhabu inamsubiri, na sisi tunajua. Hakuna ndege, hakuna 3D, hakuna maabara. Kuna shingo na chuma. Watengenezaji wa zile mbili zilizofuata walikuwa na funzo hilo mkononi wakaliacha.

Hukumu: kumi kwa kumi, kwa wavuvi wote wa mwambao, kutoka Kagunga mpakani hadi Ujiji.

Haya, orodha ndiyo hiyo. Ukiwa upande wa Awakening, lete hoja yako kwa namba ya lalamiko unalolipinga, na mtoto usimsahau. Ukiwa hujaitazama Rise of the Lycans, tazama ya mwaka 2003 kwanza, kisha hiyo, mbalamwezi ijayo, mitumbwi ikiwa imepumzika. Mwenye kibanda mwombeni mapema.